Salamu Kabla ya King'ora

Wanangu, nianze na jambo ambalo watu wa rika langu hulificha. Mimi ni mwoga. Niliiogopa kazi yangu kwa muda wote nilioifanya, na hata leo kompyuta ikitoa mlio nisioutarajia, moyo wangu hupiga kama wa mwizi. Wahenga walisema kwa mwoga kwenda kicheko, kwa shujaa kwenda kilio. Kicheko nimechekwa, tena sana, na baadhi ya wanaonicheka ndio nyinyi mnaosoma hapa. Kilio kilinipita kwa upenyo mdogo, nami nataka kuwaeleza upenyo huo ulivyokuwa.

Mnanijia sana siku hizi. Kijana anabisha, shikamoo, marahaba, hata maji hajanywa, ameshafungua kompyuta yake mapajani. "Mama, hii programu inanitesa. Mtu akibonyeza kitufe inakufa, inaniambia null." Anasema hivyo huku anatabasamu, maana kwake ni ishu ndogo; ataongeza mstari mmoja wa kukagua, arudi zake Tabata kabla ya foleni. Mimi sitabasamu. Namuuliza swali ambalo huwaudhi wote: "Hiyo programu yako ikinyamaza, nani anaumia?"

Enzi zetu hatukusema null. Kompyuta ilitoa kisanduku cha kijivu chenye Kiingereza kifupi, maana yake kwamba kitu ulichokitaja hakijawekwa. Kisanduku kilikuwa na namba yake, tisini na moja, nasi tukaliita kosa lenyewe hivyo hivyo. Ukimkuta mwenzako amejishika kichwa, humuulizi kitu, unasema tu, "Tisini na Moja?" naye anaitikia kwa kichwa.

Niwaeleze ambao hamjaigusa kazi hii. Programu za zamani zilikwenda kama mtu anayesoma barua, mstari wa kwanza, wa pili, hadi mwisho. Kisha zikaja hizi za madirisha na vitufe, mambo yakageuka. Sasa unaandika vipande vipande, na kila kipande kinalala kikisubiri tukio lake. Mtu akibonyeza kitufe, kipande hiki kiamke. Saa ikigonga, kile kiamke. Hujui kipi kitaamka kwanza. Kipande kikiamka kinamtuma mwingine: wewe dirisha, funguka, wewe kengele, lia. Sasa kama huyo anayetumwa hajaingia kazini bado, au ameshaondoka, kipande kinapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Hapo ndipo Tisini na Moja inapozaliwa. Kwa hiyo ukiiona, usianze na nani kakosea. Anza na nani hayupo, na kwa nini hayupo wakati ule.

Maneno hayo si yangu, ni ya Bwana Komba. Nilimpata Bwana Komba baada ya shirika la umma nililokuwa nikifanyia kazi kutupunguza kwa mafungu, kama mnavyosikia wazazi wenu wakisimulia. Yeye alikuwa Mngoni wa Songea, alisomea mambo ya umeme ng'ambo, akarudi na kufungua ofisi ya chumba kimoja Kinondoni, nyuma ya saluni. Siku nzima tulivuta harufu ya dawa za nywele. Aliponisaili aliniuliza najua nini. Nami nilikuwa nimekaa nyumbani muda, nimechoka kujisifu kwa watu wasioniajiri, nikamjibu, "Najua kuogopa." Alicheka hadi miwani ikamshuka puani. "Basi keti," akasema. "Hawa wengine wote wameniambia wanajua kila kitu."

Nilikaa. Fundisho lake la kwanza nililipata kwa mwoka mikate mmoja wa hapo hapo Kinondoni. Tulimwekea programu ya kugonga kengele mikate ikiiva. Kila alasiri kompyuta yake ilitoa Tisini na Moja, na mwenyewe akaamini jini ameingia. Nilipofika nilikuta chetezo cha ubani chini ya meza, majivu yamejaa kwenye vitufe, na shangazi yake anasoma dua. Mimi kwa woga wangu nilisimama mlangoni hadi alipomaliza. Kumbe mwoka mikate, mtu wa kubana matumizi, alikuwa akifunga dirisha la programu kila akitoka kwenda kuswali, kama anavyozima taa. Dirisha lilifungwa lakini saa iliyokuwa ndani yake iliendelea kwenda, na muda ukifika inamtafuta dirisha wa kumtuma, hayupo. Tulichofanya ni kuisimamisha saa kwanza, ndipo dirisha lifungwe. Ukimwambia mtu akusubiri, muage kabla hujaondoka. Jini alihama siku ile ile, ingawa sifa zote zilikwenda kwa ubani.

Nacheka nikikumbuka. Lakini mikate ikiungua, watu wanakula ugali, maisha yanaendelea. Kiwanda cha barafu kilikuwa habari nyingine.

Kiwanda hicho kilikuwa Temeke. Kilikuwa cha umma, kikalala miaka, kisha mfanyabiashara mmoja akakinunua na kukiamsha. Kijana mtanashati, mwenye haraka, alipenda kuitwa Mkurugenzi hata na watu waliomzidi umri. Kiwanda kiligandisha maji kwa gesi ya amonia. Gesi hiyo ikivuja kidogo inachoma macho. Ikivuja nyingi inaziba pumzi, na mtu aliye chumba cha mitambo asipotoka upesi hatoki tena. Zamani palikuwa na ringi la lori limening'inizwa getini; ukinusa gesi unaligonga kwa chuma, watu wote wanakimbia. Mkurugenzi aliliondoa. Alisema ni mambo ya kijima, sasa kuna kompyuta.

Kompyuta hiyo ilitoka kwetu. Juu ya kompresa, mashine inayosukuma gesi kwenye mabomba, tulifunga kifaa cha kunusa gesi, wafanyakazi wakakiita Pua. Pua ilikuwa na betri yake, haikulala hata umeme ukikatika. Ikinusa gesi inatuma habari kwa waya hadi ofisini, na kule kipande cha programu kinaamka na kutuma amri mbili: king'ora kilie, kompresa izimwe. Programu iliandikwa na kijana aliyenitangulia ofisini, Elias, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia Nairobi. Mimi niliirithi. Vijana, mtarithi programu za watu kuliko mtakavyoandika zenu, na hakuna anayekurithisha pamoja na akili yake.

Na chumba kile cha mitambo ndicho alichofanyia kazi mdogo wangu, Sudi. Alikuwa msaidizi wa fundi, kupaka grisi, kukaza nati, kuangalia mageji. Baba alifariki Sudi akiwa mdogo, na mama alinikabidhi mimi kwa maneno ambayo sikuwahi kuyasahau: "Huyu ni wako kama alivyo wangu."

Siku moja Sudi alikuja kwangu, macho mekundu. Nilimuuliza amelia nini. Akacheka.

"Nilie nini, Dada? Gesi hiyo. Imetoka kidogo leo, umeme uliporudi."

"King'ora kililia?"

"Wapi! Hiyo mashine yenu inanyamazaga tu. Sie tunakimbia kwa pua zetu wenyewe."

"Inanyamazaga? Kwani si mara ya kwanza?"

Akajua ameropoka. Akaanza kupangusa kiatu chake ambacho hakikuwa na vumbi. "Dada, usiende kusema kwa bosi. Watu wanatafuta kazi kama hizi mjini hapa. Mie nimezoea."

Hilo neno, nimezoea, lilininyima raha kuliko macho yake mekundu. Asubuhi nilikwenda Temeke. Ofisini nilimkuta Bi Tatu, katibu muhtasi, mwanamke wa mjini hasa, wa kanga mbili na maneno matamu. Tulisalimiana kama ilivyo ada, habari za nyumbani, za watoto, za mama, za mgao wa umeme. Kisha nikaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta. Bi Tatu alikidarizi mwenyewe, maua ya rangi ya waridi pembe zote, na alikuwa akiifunika kompyuta kila umeme ukikatika, kuikinga na vumbi. Nikakuta kwenye kioo: Karibu Mkurugenzi. Bonyeza Sawa uendelee. Nikabonyeza Sawa. Sudi akalowesha kitambaa kwa amonia kidogo ya kwenye chupa, akakipeleka karibu na Pua. King'ora kikalia hadi mbwa wa jirani wakaitikia.

Kilifanya kazi. Sikufurahi. Ugonjwa unaojificha daktari akiingia ndio unaoua. Mkurugenzi alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mnaona? Vijana wanaota tu. Kinalia vizuri." Ningewezaje kumwambia afunge kiwanda kwa sababu king'ora kimelia?

Nilirudi tena na tena. Kila nikienda, kinalia. Nikiondoka, baada ya siku chache Sudi anakuja macho mekundu. Nilianza kuota ndoto ambazo sitaziandika. Mchana nikiwa Kinondoni, umeme ukikatika saluni, wanawake wenye vichwa vya dawa wanalalamika, mimi nawaza: Temeke nako umekatika. Ukirudi, nawaza: sasa umerudi, kompresa inaanza, mabomba yanapata shinikizo kwa ghafla, na mtoto wa mama yangu amesimama pembeni. Nikipika naunguza. Nilimkaripia kila mtu.

Nilimfuata Bwana Komba na wazo langu. Kuna mstari mmoja unaweza kuuweka juu ya kipande cha programu, ukaiambia kompyuta: ukikuta kosa, lipuuze, endelea na linalofuata. Nilifikiri huenda tukiuweka, programu haitakufa tena. Sijawahi kumwona akikasirika vile. Alivua miwani kabisa.

"Kosa likitokea sasa, angalau kuna kisanduku mahali fulani kinachosema kuna kosa. Ukiweka mstari huo, hakutakuwa na king'ora wala kisanduku. Mwajuma, mficha maradhi kifo humuumbua. Unataka kumwekea ndugu yako programu inayoficha?"

Nililia pale pale, bila aibu. Akaniletea maji, akakaa karibu, sauti yake ikashuka.

"Haya. Niambie, ukifika kule, unafanya nini kwanza?"

"Nasalimia."

"Halafu?"

"Naondoa kitambaa, nabonyeza Sawa, tunajaribu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akavaa miwani yake. Kisha akaniambia, "Kesho nenda, salimia, kaa. Usiguse kitu. Umeme ukatike, urudi, nawe umekaa tu. Na hiyo Sawa, usiibonyeze."

Hili nawaachia kama urithi, na ni rahisi kulisema kuliko kulitenda. Ukiitwa kwenye programu iliyokufa, mikono yako itataka kugusa kabla macho hayajaona. Ile hatua ndogo unayoifanya kila mara bila kufikiri, ndiyo mara nyingi inayoponya ugonjwa kwa muda, ukashindwa kuuona.

Kesho yake nikaenda. Mpango tuliupanga mimi na Sudi uani. Umeme ukirudi, yeye asimame karibu na Pua na kitambaa chake cha amonia amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi nitakaa ofisini. Nikiwa tayari, nitampungia kanga dirishani, na hapo ndipo atafungua mfuko na kumnusisha Pua. "Bila kanga, usifungue," nikamwambia.

"Dada we, unanifundisha kama mtoto wa chekechea."

"Sema nimekuelewa."

"Nimekuelewa, mama mdogo." Akanipigia saluti ya kijeshi, akaondoka akipiga mluzi.

Mgao ulikuwa zamu ya Temeke. Umeme ukakatika. Bi Tatu akafunika kompyuta na maua yake. Tukakaa tukizungumza, mimi sisikii hata nusu ya anachosema. Mara feni ikaanza kuzunguka. Kule nyuma kompresa ikanguruma, sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu. Chini ya kitambaa kompyuta ikaamka, nikaisikia ikikwaruza, kisha mlio wake mtamu wa kukaribisha.

Bi Tatu alinyoosha mkono kwa mazoea. Nikaudaka.

"Iache, dada."

"Mwaju, shoga yangu, mashine inakukaribisha nawe huiitikii? Si adabu hiyo."

"Leo tutakosa adabu."

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepungukiwa na akili, akarudi kwenye kiti. Tukasubiri. Kisha chini ya kitambaa ukatoka mlio mwingine, mfupi, mkavu. Nilikifunua. Nyuma kulikuwa na Karibu Mkurugenzi, na mbele yake kisanduku cha kijivu. Tisini na Moja.

Wanangu, nilifurahi. Nilipiga makofi. Nilikuwa nimemkamata! Kwa mara ya kwanza niliona yote mawili pamoja, salamu na kosa, na mara moja nikajua. Programu ikiamka, ilikuwa ikifungua waya wa Pua kwanza. Kisha, kwa kuwa Mkurugenzi alitaka kompyuta imsalimie kabla ya kazi kama watu wenye heshima zao, inasimama na kutoa salamu, inangoja iitikiwe. Ikishaitikiwa ndipo inamweka king'ora kazini. Bi Tatu akiwepo, salamu inaitikiwa upesi na hakuna anayejua. Akiwa ameenda kuswali au kunywa chai, kompyuta inabaki chini ya kitambaa ikikaribisha hewa, huku Pua ikipiga hodi kwa king'ora ambacho hakijaajiriwa; programu inafia hapo kabla ya amri ya kuzima kompresa, naye akirudi anabonyeza kila kisanduku bila kusoma. Na gesi nayo huvuja zaidi wakati ule ule, umeme unaporudi.

Niligeuka kumwambia Bi Tatu. Ndipo nikaona kanga yangu. Ilikuwa bado begani.

Sikuwa nimempungia Sudi. Sudi hakuwa amefungua mfuko. Basi Pua imenusa nini?

Wazo la pili lilikuja papo hapo, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Sudi amesimama pale na kitambaa chenye amonia mkononi. Harufu ikimfika, atadhani ni mfuko wake unavuja. Hatakimbia. King'ora kimenyamaza, ngurumo ya kompresa imeziba masikio yake, na pua yake mwenyewe nimeidanganya mimi kwa mpango wangu. Atasimama akinisubiri nipunge kanga.

"Bi Tatu, zima swichi kubwa! Zima!"

Mwanamke yule hakuuliza. Alirukia swichi iliyokuwa nyuma ya mlango akaivuta kwa mikono yote miwili. Kompresa ikanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje, na kile kitambaa cha maua nimekishika bila kujua, nikakichovya kwenye pipa la maji nikiwa mbioni. Uani sikuona moshi wala moto. Hiyo gesi haionekani wanangu, ndiyo maana inatisha. Hewa ilikuwa hewa ya kila siku, kisha hatua moja mbele ikanipiga usoni. Macho yakafumba yenyewe. Koo likabana.

Nikapiga ukunga.

Sikumbuki kama niliamua. Ulitoka tumboni, ule wa wanawake wa kwetu, wa msibani na wa moto, na nikaurudia, nikaurudia. Mtu wa pwani akisikia ukunga haulizi, anatupa alichoshika na kukimbilia sauti ilipo. Wapasua barafu walitoka chumba cha baridi wakiwa na mashoka mkononi. Fundi alitokea upande wa pili. Nikawahesabu usoni, nikamtafuta Sudi, hakuwemo. Nikavuta pumzi nyingine kupitia kile kitambaa kilicholowa, nikasogea hadi karibu na mlango wa mitambo, nikamwita kwa jina. "Sudi! Sudi we!"

Nilimwita tena kwa jina la utotoni, lile ambalo alinikataza kulitaja mbele za watu. Na hapo nikaona mkono. Alikuja kwa magoti, macho yamefumba, akifuata sauti. Fundi na wenzake wakamdaka, tukamburuta hadi upande unakotoka upepo, nikamfunika uso kwa maua ya Bi Tatu, tukammwagia maji, na maji, na maji mengine, naye akikohoa kifua kinataka kupasuka. Mfuko wa nailoni alikuwa bado ameushika. Haukuwa umefunguliwa.

Alilazwa. Mama alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, sikuweza kumtazama machoni. Mkurugenzi alikuja akasimama miguuni, suti yake ina mikunjo. Alipofungua mdomo aliuliza tu, "Lile ringi mmelitupa wapi?" Likatafutwa, likakutwa uani kwa mtu anayelifugia kuku, likarudishwa getini. Kila kompyuta iwe na ringi lake, wanangu.

Bwana Komba alisahihisha programu mwenyewe, mimi nikimsomea mistari. Haikuhitaji maarifa ya ajabu. Mistari ilihamishwa tu. King'ora kiwekwe kwanza. Kikishakuwepo, ndipo waya wa Pua ufunguliwe. Na kipande kile cha kuamka tukakiongezea swali: huyu ninayetaka kumtuma yupo? Kama hayupo, kisinyamaze. Kizime kompresa chenyewe, na kompyuta ipige mlio bila kukoma hadi mtu aje. Wengi wenu huandika nusu ya kwanza ya swali hilo. Mnakagua kama kitu kipo, kama hakipo mnapita kimya kimya, mnasema tumetibu. Hamjatibu. Mmefunika kitambaa.

"Na salamu tuitoe?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Hapana. Adabu ni kitu chema. Ila ije mwisho, watu wote wakishakaa kazini."

Bwana Komba ametangulia mbele ya haki. Sudi yu hai, ana wajukuu, amejenga Chamazi. Mapafu yake hayakurudi kama zamani, na koo lile liliungua. Sauti yake ni ya kukwaruza, haivuki ukumbi. Hunitembelea, hutania, huniita mama mdogo. Siku moja hivi karibuni nilikuwa uani nafua. Nilipoingia ndani niliona kwenye baraza mfuko wa machungwa, na mtu hayupo. Alikuwa amekuja, akapiga hodi, hakuitikiwa. Desturi yetu ni hodi tatu, ya tatu isipoitikiwa unaondoka. Nilitoka nje miguu mitupu, mapovu mikononi, nikamkimbilia hadi kona ya barabara nikimwita kwa jina lile la utotoni, watu wananicheka, bibi mzima. Aligeuka. Nilimshika mkono nikamrudisha.

Tangu siku hiyo kiti changu nimekihamishia mlangoni. Ukipita kwangu utanikuta hapo, na siku ambayo Sudi amesema atakuja, sifui, sipiki, siendi popote. Akifika kwenye ngazi, kabla hodi ya kwanza haijamtoka vizuri kwenye koo lile bovu, mimi nimeshaitika.